Bibi Kinyaa na Blanketi la Watakatifu

Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye cheti. Mtaa mzima ulimwita Bibi Kinyaa, naye hakulikataa, kwa sababu hakuona aibu yoyote katika kuona kinyaa. Aibu, kwa maoni yake, ilikuwa kwa wale wasioona. Mtu anayefuta kijiko kwa shati alilotoka nalo jasho kutwa nzima, kisha akakorogea chai na kukilamba mbele za watu, huyo ndiye wa kuulizwa ana nini.

Alikuwa dobi. Miaka ishirini na saba alifua mashuka ya hospitali, na huko aliona kila kinachoweza kumtoka binadamu, kwa rangi zake zote. Kazi kama hiyo wengine huwazoesha. Yeye ilimnoa pua. Alipostaafu parokia ikamkabidhi vitambaa vya altare, na hapo ndipo alipojiona amefika. Vitambaa vile havifuliwi kama soksi. Kile anachofutia padre kikombe cha Misa kimegusa Damu ya Bwana, kwa hiyo hulowekwa kwanza peke yake, na maji yale ya kwanza hayaendi kwenye mfereji pamoja na uchafu wa watu. Humwagwa kwenye udongo safi. Bibi Kinyaa alikuwa na beseni jeupe la kazi hiyo tu. Maji yake aliyamwaga chini ya miwaridi, mbele ya dirisha la jikoni. Alitembea nayo hatua kwa hatua, midomo ikicheza kwa sala, na akimaliza hupiga ishara ya msalaba kabla ya kurudi ndani.

Ungedhani mama wa namna hiyo angelea mapadre. Wapi! Watoto wake watatu wote waliliacha kanisa mara tu walipopata miguu ya kuondokea. Binti yake wa mwisho, aliyekuwa na miaka kumi na mitano wakati huo, alimwambia uso kwa uso: "Mama, Mungu wako ananuka sabuni. Mimi siwezi kukaa naye." Bibi alimpa vidonge vyake siku ile, lakini maneno yale yalimganda. Miaka mingi baadaye binti huyo akapata kazi ya uuguzi mji wa mbali, akamletea mwanawe wa miaka sita amlelee. Bibi akajiapiza. Wale watatu walimponyoka. Huyu mmoja atapenda kusali, tena apende mwenyewe, bila kusukumwa.

Mtoto alikuwa wa kike, mwenye nywele laini zilizosimama kila upande, na Bibi akamwita Kifaranga. Kila siku saa mbili za usiku ilikuwa kuoga, kuvaa nguo safi, kisha magoti. Bibi alimchovyea kidole katika maji ya baraka kutoka kwenye kichupa chenye umbo la Bikira Maria, ambacho kifuniko chake ndicho kichwa. "Watu gani hawa wametengeneza kitu hiki?" alikuwa akinung'unika. "Kila usiku tunamkata kichwa Mama wa Mungu!" Kifaranga alicheka mpaka akajilaza sakafuni. Kisha Baba Yetu, Salamu Maria, sala ya malaika mlinzi, na mwisho hadithi ya mtakatifu mmoja, ambayo Bibi aliisimulia vizuri kuliko katekista, hasa pale penye simba.

Mama mtu, kwa sababu ya kujilaumu, alituma vifurushi. Yeye mwenyewe hakanyagi kanisani, lakini alituma foronya ya Mtakatifu Teresia. Akatuma taa ya malaika inayowaka nyekundu na kijani kama gari la wagonjwa. Akatuma mwanasesere wa Mtakatifu Fransisko, mnene, mwenye mashavu ya mlafi, yeye aliyefunga maisha yake yote! Bibi aliviinua kwa vidole viwili. Lakini kilichomtoa roho kilikuwa blanketi. Blanketi la manyoya ya plastiki, lenye kunuka mafuta ya taa, na juu yake watakatifu kumi na wawili wenye macho makubwa kama ya vyura. Wote walikuwa wamepakwa rangi ya mdomo, hata Petro.

"Huyu ni Yosefu au mchekeshaji?" Bibi aliuliza kwenye simu.

"Mama, ni kwa ajili ya watoto," binti akajibu. "Yeye amelipenda?"

Amelipenda! Katika siku tatu Kifaranga alikuwa amewajua wote kumi na wawili. Kila usiku aliwapitia kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, akawatakia usiku mwema kwa majina, na akimruka mmoja kwa usingizi, huamka kumwomba radhi. Bibi aliona kile alichokuwa akikitafuta miaka yote, na akameza kinyaa chake kama dawa chungu. Jumapili akalipeleka blanketi kwa paroko likabarikiwa.

Angekomea hapo, mambo yangekuwa mazuri. Lakini usiku ule akalitandika, akainua kidole, akasema: "Sasa hili si blanketi la kuchezea. Kitu kilichobarikiwa hakichafuliwi. Ukilichafua, umewachafua wenyewe, na hawa ni wasafi, hawakai na mtu mchafu."

Nani alimtuma? Paroko hakusema hivyo. Katekista hakusema hivyo. Ni pua yake tu ndiyo iliyosema, akaisingizia mbingu. Kifaranga alilishika blanketi kwa ncha za vidole na kuitikia kwa kichwa.

Wiki ya pili ilianza harufu. Ilikuja na upepo wa asubuhi kupitia dirisha la jikoni, na Bibi, ambaye aliweza kukuambia kwa kunusa tu shuka limetoka wodi gani, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mkojo. Tena kwenye miwaridi yake, mahali pale penye maji matakatifu! Kwanza alimshuku paka, akamwinda siku mbili kwa fagio. Kisha akahamia kwa jirani, dereva wa lori, mwenye sifa ya kurudi nyumbani akiyumba. Akamvizia getini, mbele ya mke wake.

"Wewe baba mzima, huoni haya? Maua ya watu ndiyo choo chako?"

"Bibi, mimi choo ninacho," dereva akasema kwa mshangao. "Tena cha kuvuta maji."

"Basi kakivute!"

Mke wa dereva aliingia ndani haraka akiwa ameziba mdomo. Bibi hakujali. Jumamosi aliamka alfajiri, akajaza ndoo maji baridi, akajibanza nyuma ya dirisha la jikoni akimngoja dereva aje na suruali yake ili amwogeshe.

Hakuja dereva. Alikuja Kifaranga, peku, gauni lake la kulalia limeloa mpaka magotini. Alikuwa amekumbatia beseni jeupe kifuani, akitembea hatua kwa hatua, midomo ikicheza. Aliyamwaga maji chini ya miwaridi taratibu, asirushe hata tone. Akalitua beseni, akapiga ishara ya msalaba, akageuka. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ndoo mkononi.

"Nini hicho?"

"Maji ya kwanza," Kifaranga akasema.

"Maji ya kwanza ya nini?"

"Ya blanketi. Nimelikojolea." Akaharakisha kueleza, kwa sababu aliuona uso wa Bibi. "Lakini nimelifua kitakatifu, Bibi! Sijalichanganya na chupi."

Lilikuwa nyuma ya tangi la maji, limekamuliwa kwa nguvu za mtoto, yaani halikukamuliwa. Godoro la Kifaranga lilikuwa bado na nailoni yake ya dukani, ambayo Bibi aligoma kuivua kwa kuogopa vumbi, kwa hiyo mkojo haukuzama popote. Mtoto aliupangusa kwa blanketi lile lile lililokwisha kuloa, na harufu iliyobaki chumbani ilifunikwa na ile yake ya mafuta ya taa. Bibi aliuliza ni mara ngapi. Kifaranga akaonyesha mkono mmoja na kidole kimoja cha mkono wa pili. Mara sita. Na beseni lile Bibi alikuwa akilisuuza tu, kwa kuwa halishiki kitu kichafu. Akakumbuka kila kitambaa alichokiloweka humo wiki ile, na paroko akifutia kikombe mbele ya waumini mia tatu, kisha akijipangusa midomo.

Akapiga kelele ambayo dereva aliisikia kitandani kwake.

"Toka hapa! Unanuka! Umewanukisha watakatifu wa Mungu, mchafu wewe! Unanitia kinyaa!"

Kifaranga hakulia. Alijinusa mkono, akajinusa bega, kisha akaenda bafuni peke yake.

Bibi alivikusanya vitambaa vyote vya altare akavipeleka kwa paroko. Alimkuta akinywa chai. Akamweleza yote kwa kichwa kilichoinama, akingoja angalau akunje uso. Paroko alicheka mpaka miwani ikamtoka, mdomo wazi, mkate ukionekana kwenye meno. Bibi aliangalia pembeni.

"Mama, vichemshe, vipige pasi, basi," paroko akasema akijifuta machozi. "Bwana wetu alizaliwa zizini. Na mtoto je, umemwambia nini?"

"Nimemwambia ukweli."

"Ukweli gani?"

Bibi alichukua kikapu chake akaondoka bila kuaga. Kutwa nzima alichemsha, akasugua, akachemsha tena, na kila alipoinua pua aliisikia harufu ile ile, kwenye mvuke, kwenye pasi, mpaka kwenye vidole vyake.

Saa mbili za usiku hakuna aliyepiga magoti. Alipoingia chumbani, Kifaranga alikuwa amelala chali juu ya nailoni tupu, amejifunika sweta la shule. Hakukuwa na foronya, wala taa, wala Fransisko.

"Watakatifu wako wako wapi?"

"Nimewahamishia kwako," mtoto akasema. "Kwako hakunuki."

Bibi akaenda chumbani kwake. Kwenye kitanda chake cheupe walikuwa wamepangwa mstari: foronya imekunjwa, rozari imeviringishwa, taa, mwanasesere, na kichupa cha Bikira Maria kikiwa na kichwa chake. Blanketi lenye unyevu lilikuwa limewekwa juu ya mfuko wa plastiki, kusudi lisimloweshee shuka. Alisimama akaangalia kazi ile ilivyofanywa kwa uangalifu. Kilichompanda kooni safari hii hakikuwa na harufu, na kilikuwa kichafu kuliko vyote alivyowahi kufua. Kilikuwa chake mwenyewe. Alijichukia mpaka miguuni.

Akarudi. "Haya, mama, njoo tusali."

"Sali wewe, Bibi. Mimi wataninusa."

"Na malaika mlinzi? Yeye hakuachi."

"Nimemwambia asubiri mlangoni."

Alipajua alipofika. Alikwisha kufika pale mara tatu, kwa watoto wake mwenyewe, na kila mara aliinua pua akapita. Binti yake alisema Mungu ananuka sabuni, naye akadhani ni utovu wa adabu. Kumbe alikuwa akiambiwa habari. Alitafuta neno la kumwomba mtoto radhi, akapekua mdomo mzima. Matusi yalikuwepo ya kila aina. Lile neno moja hakulipata, hakuwahi kulitumia. Basi akavua viatu, akapanda kitandani vile vile na gauni lake lililopigwa pasi, akalala juu ya nailoni ile ubavuni mwa mtoto. Nailoni ililia chini yake. Kifaranga akajisogeza ukutani, ampishe asimguse.

Usingizi ulimchukua kwa shida. Kilichomwamsha, madirisha yakianza kupauka, kilikuwa joto kwenye paja. Joto lile likatambaa mpaka kiunoni, likapenya gauni, kisha likaanza kuwa baridi. Alijua ni nini kabla hajafumbua macho. Kila kiungo chake kilitaka kuruka kutoka pale na kukimbilia sabuni. Ubavuni mwake mtoto alikuwa macho, amekakamaa, hapumui.

"Bibi?"

"Mmh."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Kifaranga alianza kujivuta atoke kitandani. "Nitafua. Naenda kuoga kwanza."

"Utaoga," Bibi akasema, akamshika mkono. "Kwanza mwite yule uliyemsimamisha mlangoni. Aingie."

"Kumelowa lakini."

"Najua kumelowa. Hata mimi nimelowa. Mwite."

Mtoto alimtazama muda mrefu kuona kama anataniwa. Kisha akakaa, nywele zimesimama, gauni limemganda miguuni, akaugeukia mlango. Akasogea akamwachia nafasi mtu wa tatu. Akapiga ishara ya msalaba, akaanza kwa sauti ndogo, "Malaika mlinzi wangu, unilinde..."

Bibi Kinyaa aliifuata sala ile neno kwa neno. Alikuwa anaona kinyaa mpaka machozi yakamlengalenga, na hakuinuka mpaka Amina.