Kiti cha Baba wa Nchi Isiyokuwapo

Mwaka wangu wa pili chuoni Minneapolis, katikati ya miaka ya tisini, nilichukua somo la historia ya mambo ambayo hayakutokea. Profesa, mzee mpole asiyeishiwa kikohozi, alitutaka tubuni nchi moja: dola ambayo watawala wake wameyachukua mafundisho ya Kikonfusio ya Wachina wa kale, ile heshima ya mtoto kwa mzazi na ya mdogo kwa mkubwa, wakayageuza kuwa amri ya serikali. Mtawala anaitwa Baba. Raia wote ni watoto wake, na watoto hao hawakui.

Ili tuielewe, tuliigiza darasani. Profesa alikuwa Baba. Akiingia tunasimama, na haketi mtu mpaka aruhusu. Mimi niliyelelewa Mombasa kwa shikamoo sikuona taabu. Walionishangaza ni wenzangu Wamarekani, waliozoea kumwita profesa kwa jina lake na kupandisha miguu juu ya viti. Walilipenda jambo lile. Kufikia Novemba walikuwa wakipishana milangoni kwa umri, hata mkahawani.

Siku moja theluji ilianguka tangu alfajiri, profesa akachelewa. Tulisimama tukikitazama kiti chake kitupu. Hakuna aliyecheka. Mabomba ya joto yaligonga ukutani.

"Kiti hakina mtu," alisema msichana kutoka Taiwan aliyekuwa kando yangu.

"Nyamaza," akajibu kijana aliyetuzidi sote umri. Hakupandisha sauti. "Baba anatupima."

"Babu yangu alinifundisha mambo haya kabla sijajua kusoma. Mzazi akikosea, mtoto humwambia. Hilo mmelitupa wapi?"

Nyuso zote zikamgeukia kwa pamoja, taratibu, bila hasira. Mwili ukanisisimka. Yeye akaketi. Nami nikaketi.

Profesa aliingia na theluji mabegani. Alipowaona wenzetu wamesimama, uso ukamsawijika.

"Kaeni, jamani. Mchezo umekwisha. Leo hii umekwisha."

"Ndiyo, Baba," wakaitika kwa sauti moja, wakabaki wima.

Aliwasihi, akawafokea, kisha akatoka akikohoa. Somo lile halikufundishwa tena.

Januari nikasikia wanne kati yao wamepanga nyumba pamoja Saint Paul, mji wa ng'ambo ya mto. Nilikwenda kumrudishia mmoja kitabu chake, msichana ambaye zamani kicheko chake kilijaza ukumbi. Alifungua mlango kidogo tu.

"Habari zako?" nikamuuliza.

Aligeuka, akatazama juu ya ngazi, akangoja. Sikuona mtu kule juu, wala sikusikia neno.

"Nimeruhusiwa kukipokea," akasema, akakitwaa kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa.

Rafiki yangu wa Taiwan alikuwa akinisubiri garini, injini ikinguruma. Nilimsimulia. Alishika usukani, tukavuka mto.

"Babu angelia," akasema.