Somo la Sijui

Mimi kichwa yangu ni moto, hilo kila muntu wa Kibabi, kijiji chetu, alilijua. Mbuzi ikikula viazi vyangu, nilikuwa nagombana na mbuzi kwanza, halafu na mwenye mbuzi. Kwa hiyo siku bwana wangu aliamua kwamba binti yetu ataingia masomo ya masista, kule chini kwenye ziwa, aliniomba kitu kimoja tu: "Mama, mutoto hafundishwi na makofi. Ukimutisha, kichwa inafunga." Nikamuahidi.

Masista walikuwa na nafasi chache, na watoto walikuwa wengi. Kila mutoto wa miaka sita aliitwa mbele ya meza, peke yake, akaulizwa jina, kijiji, hesabu na rangi. Asiyejibu alirudi nyumbani. Bwana wangu yeye aliishia mwaka wa tatu wa primeri, na jambo hilo lilimuuma maisha yake yote.

Hakufika kuiona hiyo meza. Alikuwa anateremusha maharagi kuyauza Bweremana, wenye bunduki wakamusimamisha kwenye bariere, ile kamba wanayofungia barabara. Wakamuuliza jina. Wakamuuliza kijiji. Wakamuuliza baba yake ni nani. Wenzake walisema alijibu yote, vizuri, bila kuficha, maana alikuwa mukristu wa kweli na uongo hakuujua. Walinirudishia kofia yake. Miaka ile kila kundi lilikuwa na kijiji lisichotaka kusikia, na wewe ukifika kwenye kamba hujui leo ni kundi gani limeishika. Eh, bwana wangu, kwa nini hukunyamaza?

Nikabaki na mutoto, na ile ahadi. Nilimufundisha tukichambua maharagi, maana maharagi ya kwetu iko ya kila rangi. Nyekundu pale, nyeupe hapa, njano kwenye kikombe. Tena kuhesabu kwa Kifaransa: *un, deux, trois.* Akikosea, nilikuwa nakalia mikono yangu, kweli kabisa, naiweka chini ya mapaja ili isiende mahali. Akaona, akaanza kunichekesha: "Mama, leo mikono yako iko na baridi?" Kwa miezi mitatu sikumupiga hata kofi moja. Majirani walifikiri niko mugonjwa.

Lakini kutoka Kibabi kufika kwa masista kulikuwa na bariere. Basi, maharagi yakiisha, nilimufundisha na somo lingine. Niliigeuza iwe muchezo, asiogope. Nilikaa kwenye kiti, nikashika karatasi, nikakunja uso.

"Wewe mutoto, unaitwa nani?"

"Sijui."

"Papa yako ni nani?"

"Sijui."

"Munatoka wapi?"

"Sijui!"

Njo hapo nilikuwa namuchekea na kumupa muhindi wa kuchoma. Nilijiambia, nani atamukasirikia mutoto kwa kutojua? Alilipenda somo hilo kuliko la kuhesabu. Siku zingine aliniomba mwenyewe: "Mama, tucheze ya sijui." Wazee walisema samaki mukunje angali mubichi. Mimi nilimukunja, tena kwa upole wote niliokuwa nao.

Siku ya egzameni tulipita bariere salama, hakuna aliyetuuliza kitu. Nikasema aksanti Mungu, leo ni siku yetu. Kwa masista niliachwa nisimame mulangoni. Masista mumoja muzee, sura nzuri, alikuwa amekaa nyuma ya meza na karatasi yake. Alikunja uso kidogo, macho yalikuwa yanamusumbua.

"Karibu, binti yangu. Unaitwa nani?"

Mutoto wangu akasimama wima. "Sijui."

Masista akacheka kidogo. "Haya. Na papa yako, anaitwa nani?"

"Sijui."

Mutoto akageuka kuniangalia. Na mimi, mujinga mimi, nikamuchekea, ili asiogope! Akauona ule mucheko wa muhindi, akafurahi, akageukia meza. Masista akamuwekea penseli tano. Ni ngapi? Sijui. Hii ni rangi gani? Sijui, masista. Alijibu kwa sauti safi, kama nilivyomufundisha, mpaka mwisho.

Nililia, nikaomba aulizwe tena, nikaeleza. Masista alinishika mukono, naye alikuwa karibu kulia. "Mama, iko wengine arobaini huko inje. Mulete mwaka ujao." Mwaka ujao ulitukuta tumeshakimbilia Kibua, huko Walikale, tunalima mashamba ya watu.

Siku ile ya egzameni, tukirudi nyumbani, sikuweza kunyamaza. "Wewe! Muntu mukubwa akikuuliza, unajibu! Unasikia? Unajibu yote!" Akasema ndiyo, Mama.

Kwenye bariere, muntu aliyeshika kamba alituangalia. "Munatoka wapi, nyie?"

Kabla sijafungua mudomo, mutoto akasimama wima. Akasema jina lake. Akasema jina la papa yake, lote, pamoja na la ubatizo. Akasema Kibabi. Halafu, kwa kuwa nilimuambia ajibu yote, akaanza kuhesabu: *un, deux, trois*.

Yule muntu alimusikiliza mpaka kumi, akashusha kamba. "Mutoto iko na akili," alisema. "Mupite."

Kona ya kwanza, mahali asipotuona, nilimupiga. Mikono yangu ya miezi mitatu ilitoka yote kwa mara moja. Hakulia. Alikuwa ananiangalia tu, anatafuta kosa liko wapi.

Kesho yake asubuhi nilijuta mpaka nikashindwa kukula. Nikamuita, nikakaa chini naye, nikamwaga maharagi machache kwenye lungo kama zamani, polepole, na mikono yangu nikaikalia.

"Binti yangu, niambie, hizi ni ngapi?"

Aliyaangalia maharagi. Niliona midomo yake inahesabu, mpaka saba, na yalikuwa saba kweli. Kisha akaniangalia usoni.

"Mama," akauliza, "unataka nijue?"