Maneno Yaliyobaki Chini ya Kisanduku

Jirani yetu Bahia hupiga taipu kama mtu anayechambua mchele: vidole vinne tu, macho chini, midomo ikitembea. Alijifunza kwao Mahabibo, kule Mahajanga, katika duka la Mhindi mmoja wa vitambaa. Alipoolewa akaja kwetu Ambanoro, na sasa kila asubuhi huenda mjini Hell-Ville kwenye redio ndogo inayosoma matangazo ya familia. Nani amejifungua, nani anasafiri, nani amefariki. Sisi wa vijijini tusio na simu, habari zetu zote hupita mikononi mwake.

Zamani alipiga kwa mashine ya taipu, karatasi ikapelekwa kwa Fazul, msomaji. Kisha wakaletewa kompyuta mbili. Bahia huandika kwenye kisanduku cheupe katika kioo chake, na Fazul, chumba cha pili, huyaona maneno yaleyale kwenye kioo chake. Bahia aliniambia kisanduku hicho hakina makuu. Hakikubali rangi, hakikubali herufi nene wala mapambo. Ukikipa salamu, ukikipa msiba, sura ni ile ile.

"Kama kanzu nyeupe," alisema. "Mwenye harusi na mwenye maziko wote wanaivaa."

Mwaka ule mama yangu, Mariamou, alipelekwa Mahajanga kupasuliwa tumbo. Aliniacha na mimba kubwa. Nikajifungua hayupo, na siku ya kumnyoa mtoto nywele za kuzaliwa ikawa inakaribia. Mume wangu, Houssen, alikwisha kutafuta mbuzi. Mimi kila nikipitisha mkono kwenye zile nywele laini najiuliza, koko wako, bibi yako, atakuona, mwanangu, au hatakuona?

Alhamisi moja mchana namnyonyesha, redio iko dirishani. Nikasikia sauti ya Fazul, kwa Kisakalava chake cha kuvuta. Attoumane wa Mahabibo, huyo ndiye kaka yangu, anamsalimu Sittou, ndiye mimi, anamsalimu Houssen, anamsalimu bibi Koulsoum, jirani yetu, na nyumba yake, anawasalimu watu wa msikitini, anawasalimu wa kijiji cha Ambondrona. Sisi ndivyo tulivyo, habari haitangulii salamu, na ukimruka mmoja umepata kesi ya mwaka mzima. Mwishowe akasema: "Mama yetu Mariamou alipasuliwa Jumatatu ya juma lililopita. Watoto na ndugu wote wanaombwa wakusanyike nyumbani." Kisha akaweka kaswida.

Kwetu maneno hayo yana maana moja: mtu amefariki. Sikulia. Mtoto alikuwa bado ananyonya, nikaogopa kumshtua.

Bibi Koulsoum akafika kabla kaswida haijaisha, ameshika sufuria. Wengine wakaleta mchele, vitunguu, mikeka. Houssen akatoka kwenda msikitini. Mimi nikamfunga mtoto mgongoni nikapanda teksi. Nilitaka kujua mama atazikwa huko au ataletwa, basi.

Pale redioni Fazul alinipokea mlangoni. "Pole sana, dada. Mungu amrehemu."

"Amrehemu nani?" Bahia aliuliza kutoka ndani.

"Mama yake. Si wewe uliyeandika?"

"Mimi? Mimi nimeandika mtu amekufa?" Akainuka, kitambaa cha kichwa kikamwanguka. "Fazul, ulisoma nini?"

"Nilisoma kilichokuwepo. Kisanduku kikaisha, na mimi nikaisha."

"Kisanduku kimeisha, maneno hayajaisha! Njoo hapa. Sittou, mdogo wangu, na wewe njoo."

Akatuingiza chumba cha pili, akatuketisha mbele ya kioo cha Fazul. Zile salamu za Attoumane zilikuwa zimekijaza kisanduku chote, juu hadi chini, na mstari wa mwisho uliokuwa ukionekana ulikuwa ule wa kukusanyika nyumbani. Bahia akashika kwa kipanya kijiti kilichochorwa ukingoni mwa kisanduku, akakivuta. Salamu zikapanda, zikapotea juu. Chini yake yakatokea maneno mengine, yalikuwapo muda wote. Nimesoma shule ya msingi tu, lakini hayo niliyasoma mwenyewe, kidole kwenye kioo:

"Amepona. Anarudi Ijumaa, mkampokee. Mtoto asinyolewe mpaka afike. Anasema atakayemgusa nywele atamjua."

Hapo ndipo nililia. Lile la kumjua mtu ni la mama, Attoumane hawezi kulitunga.

"Karatasi ningeiona inaishia wapi," Fazul alisema kwa sauti ndogo.

"Na mimi ningekwambia kuna chini," Bahia alisema. "Sikujua kama kwako hakuonekani. Ingia usome tangazo. Lote!"

Akalisoma lote. Niliporudi Ambanoro nikamkuta bibi Koulsoum anacheka na machozi ya vitunguu. "Sasa mchele huu nirudi nao?" akaniuliza. Nikamwambia apike vilevile.

Mama alishuka bandarini Ijumaa, mwembamba, mkono umeshika tumbo. Jambo la kwanza alimfunua mtoto kichwa akazikagua nywele. La pili, alipokwisha kuambiwa tulivyomwekea msiba, akauliza, "Nani hakulia? Nimjue." Wembe aliushika yeye mwenyewe.

Fazul alimsihi Bahia apunguze salamu. Bahia akakataa kabisa. "Nimruke nani? Njoo umchague wewe, kisha ukae Ambanoro." Badala yake, chini ya kila tangazo huandika neno MWISHO kwa herufi kubwa, na Fazul haruhusiwi kufunga mdomo mpaka alione. Siku ya kwanza akalisoma na lenyewe hewani. Watu wakacheka, lakini wakalipenda, na hajaliacha.

Mpaka leo, mtu wa kwetu akitajwa redioni, bibi Koulsoum huinua mkono kutuzuia. "Ngojeni," husema, sufuria bado iko rafuni. Mama huketi kando yangu, mtoto mapajani, naye anangoja kama sisi, mpaka Fazul aseme mwisho.