Treni Iliyokataa Kuondoka Bila Makofi

Kwanza acheni kuniuliza kama nilikuwa nimekunywa. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na ilikuwa mchana, watu wanapita barabarani na mizigo yao. Haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Kindu, ndani ya kibanda changu huku Mikelenge, na kama huamini, njoo ukae kwenye kiti kilekile. Mashine bado ipo. Nimechoka kubishana.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na kuwawekea watu michezo. Ukisikia hivyo unadhani ni kazi rahisi, sivyo? Mchezo wenyewe si kitu. Balaa ni modi, vile vipande ambavyo wachezaji hujitengenezea na kuvibandika ndani ya mchezo: gari jipya, mji mpya, njia mpya. Mchezo mmoja unauzwa katika maduka mawili ya mtandaoni. Jina lilelile, picha ileile, lakini duka la kwanza linaweka mafaili huku, la pili linayaficha mahali ambapo hata shetani angepotea. Modi iliyotengenezwa kwa duka hili inagoma kwenye lile. Uibembeleze mpaka ikubali, kesho yake duka linajisasisha bila kukuomba ruhusa, linakumalizia mega zako zote za intaneti, na unaanza upya. Jamani, hawa watu tuliwakosea nini?

Sasa nisikilizeni kuhusu baba yangu. Baba alikuwa dereva wa treni tangu ujana wake, kwenye ile njia inayotoka Kindu kupitia Kibombo kwenda kusini. Wakati wa vita aliacha kazi, na tangu hapo hakutaka hata kuitazama reli. Alikuwa tayari kuzunguka mji mzima ili asipite stesheni. Sababu tuliijua sote nyumbani, ingawa alitueleza mara moja tu. Kwenye kituo kimoja kidogo kupita Kibombo, msaidizi wake, aliyeitwa Saidi, alishuka kukagua magurudumu. Risasi zikaanza kulia upande wa msitu. Mabehewa yalikuwa yamejaa akina mama na watoto. Baba akaondoa treni.

Hapo lazima mjue desturi yao. Dereva haondoki kituoni mpaka msaidizi aliye chini apige ubavu wa mashine kwa kiganja, makofi mawili, pa-pa, maana yake nimemaliza, napanda. Dereva naye anamjibu kwa honi fupi. Siku ile baba aliondoka bila kusikia makofi. Saidi hakuonekana tena, wala maiti yake haikupatikana.

Baadaye uzee ukamkamata baba, miguu ikamkatalia, akawa mtu wa kulala. Usingizini alikuwa akimwita Saidi, anaomba radhi, anaamka amelowa jasho. Iliniuma sana. Ndipo nikasikia kwamba mtu mmoja wa kwetu, anayeishi ng'ambo, ametengeneza modi ya reli yetu: stesheni ya Kindu, madaraja, hata michikichi ya kandokando. Nikasema nitamwonyesha baba njia yake kabla hajatutoka, huenda moyo wake ukatulia.

Lakini mnafikiri ilikubali? Mchezo wa treni nilikuwa nao mara mbili. Mmoja mdogo wangu aliyeko Goma alininunulia katika duka la kwanza, mwingine nilijinunulia mwenyewe katika la pili. Njia ya reli ikakubali duka la kwanza tu. Mashine ya aina aliyoendesha baba ikakubali la pili tu. Bila shaka! Ingekuwaje vingine? Nikahangaika kuhamisha mafaili toka huku kwenda kule, nikitukana peke yangu, mpaka mke wangu akaniuliza nagombana na nani.

Hatimaye treni ikatembea. Ikatoka Kindu, ikapita Kibombo vizuri kabisa, ikafika kwenye kituo kimoja kidogo, ikasimama. Yenyewe. Nikabonyeza kila kitu, haisogei. Nikafuta, nikaweka upya. Nikajaribu lile duka jingine, ikasimama palepale. Nikamwandikia mwenye modi. Akanijibu kwamba hapo hakuweka kituo chochote, aliweka majani tu. Nilitaka kuitupa kompyuta mtoni.

Mvua ikaanza kumwagika. Nikiwa bado naikodolea macho ile treni, akaingia mtu mwenye ovaroli ya bluu, ya zamani, ya watu wa reli. Mabega yake yalikuwa na vumbi jekundu, kavu kabisa. Mvua yote ile, na yeye ana vumbi! Niaminini, sikulifikiria hilo wakati ule, kwa vile nilikuwa na hasira na maduka.

"Iko nasimama sababu gani?" akauliza.

"Ni maduka, mzee. Maduka mbili haziskilizani."

Akacheka. "Hapana maduka. Treni haiendake bila kupigiwa."

Akainua mkono, akapiga ubavu wa kompyuta yangu, pa-pa. Nikaruka. "Ee mzee! Hii si ngoma! Utaivunja!" Kabla sijamaliza, breki zikalia kwenye kioo na treni ikaanza kutembea. Nilipogeuka, mtu alikuwa mlangoni.

"Papa yako iko muzima?"

"Iko mugonjwa."

"Umuambie niko namungojea. Akuje aitike."

Akatoka kwenye mvua. Nikachungulia nje mara moja, na barabara ilikuwa tupu. Kwenye bati la kompyuta palikuwa na alama ya kiganja, nyekundu, isiyo na kidole gumba.

Nyumba yetu iko nyuma ya kibanda. Nikaenda kumlalamikia baba kwamba siku hizi watu wanaingia tu na kupiga mali ya wenzao, pa-pa, wanaacha alama ya kiganja, halafu wanamtumia salamu kwamba wanamngojea akaitike. Baba akajiinua kitandani kwa kiwiko. Halafu akaniuliza, "Kidole ya mukubwa ilikuwako?"

Nikamwambia kidole gumba hakikuwepo.

"Saidi alikatwaka ile kidole na mabehewa. Munipeleke."

Mimi na mke wangu tukambeba na kiti chake. Nikaanzisha treni toka Kibombo, na ilipofika kwenye kile kituo, ikasimama. Nikamwonyesha baba kitufe cha honi, akaweka kidole juu yake. Tukangoja. Jua halikuwepo, betri ya sola ilikuwa inashuka, taa yake imekuwa nyekundu. Wateja wakaja kuchaji simu, nikawafukuza. Mwishowe uvumilivu ukaniishia, nikainua mkono nipige mwenyewe tumalize. Baba akanishika.

"Acha. Si wewe. Ile siku sikumungojea. Leo nitamungojea."

Sisi watatu tulikuwa upande mmoja wa meza. Upande ule mwingine hapakuwa na mtu. Na kwa macho yangu niliona bati la kompyuta likibonyea na kurudi. Pa-pa.

Baba akabonyeza honi. Treni ikaondoka. Mzee wangu, ambaye sikuwahi kuona chozi lake hata tulipomzika mama, akalia kwa sauti: "Saidi, ndugu yangu, panda! Panda!" Halafu betri ikafa, kioo kikawa cheusi.

Tangu siku ile alilala kama mtoto. Aliomba apelekwe stesheni, akakaa kwenye benchi akiitazama reli mpaka akaridhika. Kisha akatutoka usingizini, bila kumwita mtu.

Ningefurahi kisa kiishie hapo. Baada ya matanga niliufungua mchezo. Treni ikasimama kwenye kile kituo, ikapigwa pa-pa, na honi ikajibu. Mikono yangu ilikuwa magotini. Honi fupi, ile ya baba. Nikajaribu duka la kwanza, nikajaribu la pili. Miaka yote hii natafuta kitu kitakachofanya kazi sawasawa katika maduka yote mawili, na nimepata hicho! Alama ya kiganja nayo nimeisugua kwa sabuni, nimeisugua kwa petroli, haitoki.

Sasa watu wanakuja kutoka Alunguli mpaka Pangi, wanataka niwawekee treni yenye pepo. Mmoja alikuwa na haraka, akapiga makofi mwenyewe. Tangu hapo kila mchezo anaoufungua, wa mpira, wa magari, unasimama katikati na hausogei, na kila wiki ananiletea mashine kana kwamba mimi ndiye niliyemshika mkono.

Basi wewe unayenisikia, kama utaiweka modi hiyo, nakuonya. Ukifika kwenye kile kituo kupita Kibombo, toa mikono yako kwenye kibodi, ukae kimya, ungoje hata kama betri inakufa. Kuna mtu ameshuka kukagua magurudumu, na safari hii haachwi.