Raketi niliyomchagulia mulamu wangu kwa nia isiyo njema

Wakuu, amani iwe kwenu nyote.

Mimi ni mzee wa kanisa, naishi Mpemba, hapa Tunduma. Jukwaa hili nalisoma siku nyingi bila kuandika kitu. Leo naandika, na nitasema kweli tupu, hata pale inaponiaibisha.

Huku mpakani shemeji tunamwita mulamu. Mulamu wangu ni kaka wa mke wangu, anaishi Nakonde upande wa Zambia, naye ni mzee wa kanisa kama mimi. Ujanani tulikuwa makarani kwenye shamba moja la kahawa kule Mbozi, na hapo ndipo tulipojifunza tenisi.

(Naona kuna mtu ameshaanza kuandika "tenisi Songwe? Chai hiyo, uongo mtupu." Tulia, mkuu. Chai ikiwepo nitakukaribisha.)

Kila Jumatatu ya Pasaka familia yote hukutana kwangu. Kabla ya kula, mimi na mulamu tunafunga wavu kwenye uwanja wa netiboli wa shule ya jirani, tunacheza seti moja.

Anayeshinda ndiye anaombea chakula.

Msicheke. Mulamu akiomba, anaanzia kwenye uumbaji. Anapita kwa manabii mmoja mmoja. Anaombea serikali zote mbili, anaombea madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpakani, halafu ndipo anamkumbuka kuku.

Alikuwa ameshinda miaka mitatu mfululizo. Miaka mitatu tumekula wali wa baridi. Na Pasaka ya huku ni mvua na ubaridi, mchuzi ukisubiri unaganda.

Mwaka huu mke wangu akaniambia mapema.

"Baba Tumaini, ukishindwa tena na kaka yangu, kuku utampika mwenyewe. Mimi nimechoka kupika chakula kinachokufa mezani."

Raketi yangu ya zamani ilikuwa imepasuka fremu, nimeifunga kwa mpira wa baiskeli. Nikaona hapa lazima ninunue nyingine.

Pale mjini kuna mama anauza mitumba ya michezo: viatu, jezi, mipira. Wateja wake wengi ni Wazambia, kwa hiyo kila mwenye mvi anamwita "bashikulu", yaani babu kwa Kibemba.

"Bashikulu, raketi zimebaki mbili. Hii pana na hii ya kawaida. Chukua zote, kajaribu, niachie kitambulisho."

Nikazipeleka hadi kanisani, maana ukuta wa nyuma ni mpana na hauna dirisha. Kwaya walikuwa ndani wanafanya mazoezi. Mwalimu wao alitoka mara moja kuangalia nani anabisha hodi ukutani, akaniona, akaniamkia, akarudi ndani bila kuuliza. Uzee una faida zake.

Sasa sikieni kosa langu. Mimi nimepiga ngoma ya kanisa tangu kijana. Ngoma tunaichagua kwa sauti: unaipasha moto, ngozi inakaza, inalia. Ikilegea haifai. Basi na raketi nikazipima vivyo hivyo, nikigonga nyuzi kwa kidole.

Ile pana ilitoa sauti ya godoro. Nilipopiga mpira, ukaruka juu ya paa la kanisa ukaangukia kwenye maharage ya mchungaji. Nikasema hii haina adabu.

Ile ya kawaida nyuzi zilikuwa zimekaza, zinalia nga! Mpira ulienda nilikouelekeza. Nilihisi kama umeme mdogo kwenye kiwiko, nikaamini ndizo nguvu zenyewe.

Nikarudi kwa mama wa mitumba kuchukua ile iliyokaza. Akasema, "Afadhali umewahi. Kuna mzee mwenzako wa Nakonde anakuja Alhamisi kutafuta raketi. Mrefu, ana mwanya, anaongea kama anahubiri."

Nikamjua.

Wakuu, shetani hana haja ya kuja na mapembe. Kwangu alikuja na wazo zuri tu.

"Mama," nikamwambia, "huyo mzee namfahamu. Mpe hii pana. Mwambie imechaguliwa na mtu anayeujua mchezo huu."

Uongo uko wapi hapo? Mchezo naujua. Nilijitetea hivyo njia nzima hadi Mpemba, na mtu asiye na hatia huwa hajitetei kilomita zote hizo.

Pasaka ikafika. Mulamu akashuka kwenye bajaji na ile raketi pana kwapani, anatabasamu. Nikampa pole moyoni.

Nilianza vizuri. Nikaongoza tatu kwa moja. Mke wangu alikuwa pembeni ya uwanja, kitenge amejifunga kiunoni, anamtania kaka yake. "Kaka, leo utaitikia amina tu!"

Kisha kiwiko kikaanza kuniuma. Kila nilipopiga, ule umeme ulipanda hadi begani. Mulamu kwa upande wake alisimama mahali pamoja kama mtu anayepungia wageni. Anagusa tu, nyuzi zile zilizolegea zinausukuma mpira wenyewe, unafika nyuma kabisa kwenye mstari.

"Mulamu, mbona unaushika mkono kama unabembeleza? Mtoto ameamka?" akanitania, maana naye huniita hivyo hivyo.

Sita kwa tatu. Nikashindwa.

Tukaenda mezani. Kuku anatoa moshi, wali wa Kyela unanukia. Mke wangu hanitazami. Watu wote wakainamisha vichwa, wamekata tamaa.

Mulamu akasimama. "Leo sitaomba mimi. Mama wa mitumba ameniambia nani alinichagulia raketi hii. Mtu anajua nitampinga, bado ananipa iliyo bora! Mulamu, omba wewe."

Nilikuwa nimeandaa ombi la maneno tisa. Nikasema, "Bwana, tunakushukuru," mengine nikayaacha.

Nikaungama. Nikaeleza raketi, godoro, maharage ya mchungaji, na nia yangu. Mlango ukishafunguliwa, haufungiki. Nikaungama mpira wa mwaka juzi niliosema umetoka nje kumbe ulikuwa ndani. Nikaungama wa mwaka uliotangulia. Mulamu alikuwa ananitia moyo, "Ndiyo, Bwana! Endelea, mulamu!" Nami nikaendelea. Nikarudi hadi enzi za ukarani Mbozi.

Nilipofumbua macho, wajukuu wawili wamelala. Mchuzi umeweka utando mweupe.

Mulamu analia na kucheka kwa pamoja, amenikumbatia.

Mke wangu akachovya kijiko kwenye mchuzi, akakitazama, akasema, "Baba Tumaini, mwakani mwache kaka aombe. Yeye angalau ana mwisho."

Nilichojifunza, wakuu: raketi inapimwa kwa mkono wa anayeishika, wala si kwa sikio. Mzee mwenzangu, chukua pana, nyuzi zisikaze sana. Na ukimchagulia mwenzako kibaya, hakikisha kwanza unakijua kibaya.

Namshukuru Mungu, kiwiko kinapona polepole.

Kama yupo anayemjua fundi wa kulegeza nyuzi za raketi, Tunduma, Vwawa au hata Mbeya, aandike hapa chini. Na wewe uliyewahi kumtegea shemeji yako mtego ukakunasa mwenyewe, karibu useme. Hapa tunaungama kwa zamu, ila tafadhali uwe mfupi, watu wanataka kula.