Kulinda na Kulea

Dada yangu mdogo, mkulima wa maharagwe huko Buleusa, aliniomba nimsindikize mahakamani Walikale siku ambayo jaji angeamua binti yake wa pekee akae na nani. Baba wa mtoto, mfugaji wa milima ya Masisi, alikuwa ameachana na dada yangu, na ukoo wake ulishikilia kwamba mtoto ni wa waliotoa ng'ombe wa mahari.

Nilidhani shauri lingesimama juu ya ng'ombe hao. Lilisimama juu ya kitenzi kimoja.

Jaji alikuwa mgeni, aliyehamishiwa kwetu kutoka magharibi ya nchi. Alisema Kifaransa, na karani akatutafsiria. Aliuliza ni nani angeweza kuchukua la garde, yaani makao na malezi ya mtoto. Karani, mtu mwema aliyechoka, akamgeukia dada yangu.

"Mama, utaweza kumulinda huyu mutoto?"

Dada yangu alifikiri. Alikuwa ameshakimbia Buleusa na mtoto huyo mgongoni, risasi zikilia nyuma ya mihogo. Tena alikuwa ameapa kusema kweli.

"Kumulinda sitaweza, Papa. Nani ataweza huku kwetu?"

Karani alitafsiri sentensi ya kwanza, akaiacha ya pili. Jaji akaanza kuamuru maneno ya kuandikwa: mama amekataa kukaa na mtoto. Nilikielewa Kifaransa chake. Niliposimama, polisi wa mlangoni alinikalisha kwa kidole tu. Dada yangu alinitazama kwa utulivu, asijue kwamba alikuwa akipokonywa mtoto.

Ndipo karani akamwuliza baba swali lile lile.

"Miye?" akasema mfugaji. "Ng'ombe yenyewe ilinishinda kulinda, batu ya bunduki banazibeba zote mu mchana. Sasa muntu?"

"Sema ndiyo, weye kichwa ya mbuzi," mama yake akamnong'oneza kwa nyuma, na ukumbi mzima ukasikia.

"Mama, nimeapa."

Watu walicheka. Jaji hakucheka. Alipotafsiriwa jibu la ng'ombe, alimwuliza karani ametumia neno gani, na kama ndilo lile watu wanalolitumia kwa kazi ya askari. Karani akainamisha kichwa. Jaji akaagiza yale yaliyoandikwa yafutwe, akauliza upya, polepole: mtoto analala kwa nani, nani anampikia, akishikwa na homa anamwita nani.

"Anaita mama yake," akajibu baba, kabla ya mtu mwingine.

Binti akaachwa kwa mama. Likizo za shule atakwenda Masisi.

Nje, nilimweleza dada yangu kilichokuwa karibu kutokea. Alisimama katikati ya tope.

"Kaka, bangenibebea mutoto juu ya ile jibu?"

"Ndiyo."

Akaushika kwa nguvu mkono wa binti yake, aliyekuwa ametungoja nje. "Lakini jibu ilikuwa ya kweli," akasema.