Honi za Kivuko cha Ibra

Nyumba yetu ya Ibra, Oman, ilikuwa kwenye kona, pale njia ya udongo kutoka mashambani inapokata barabara ya lami iendayo Sur. Lami ilipofika, miaka ya sabini, tulifurahi. Ikaleta malori ya saruji, ya maji, ya samaki wakavu kutoka Ashkhara. Mtoto wa jirani yetu wa ng'ambo ya barabara akagongwa, akavunjika mguu, na baada ya hapo madereva wakaamriwa wapige honi kabla ya kukifikia kivuko, pale njia zinapokatana. Wengine walianza kwenye mitende na hawakuachia mpaka wameyapita maduka.

Mama alikuwa amepooza upande mmoja. Daktari alisema dawa yake kubwa ni usingizi, asishtuliwe. Kila honi ilipolia, mkono wake mzima ulikamata blanketi, na presha ilipanda.

Tabora, nilikokulia, tuliishi karibu na reli. Palipokuwa na geti na mtu wa bendera, treni ilipita bila kupiga honi, kwa sababu njia ilikwisha kufungwa. Nikawaeleza wenzangu wa mtaani, Waarabu waliorudi Oman kama sisi, kutoka Tanganyika, Burundi na Kongo: tuombe matuta kila upande wa kivuko, kisha honi zikatazwe. Wakakubali, tukaenda pamoja kwa wali, mkuu wa serikali pale mjini.

Tulikula tende, tukanywa kahawa, kila mtu akatikisa kikombe chake kuonyesha kwamba ametosheka. Ndipo wali akauliza, "Sheikh wenu nani?"

Tukatazamana.

"Sisi ni watu wa mtaa mmoja," nikasema.

"Mtaa hauna sheikh," akajibu kwa upole. "Kabila ndilo lenye sheikh."

Tabora tulizoea kwenda kwa bwana shauri, mkuu wa wilaya, kama watu wa mtaa. Hapa kila mtu hufika mbele ya wali kupitia sheikh wa kabila lake, na sisi tulikuwa wa makabila mbalimbali, masheikh wengine wako Nizwa, wengine Sur. Tulipotoka nje, mwenzetu mmoja, fundi bomba kutoka Bujumbura, akaniambia, "Wewe na geti lako la Tabora. Kesho utatutaka tulete na stesheni masta." Wakacheka. Hawakwenda tena.

Sheikh wangu alikuwa palepale Ibra. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hawezi kulipeleka jambo hili kabla baba wa yule mtoto hajaridhia. Nikavuka barabara.

"Matuta yatajengwa lini?" jirani akauliza.

"Sijui. Ofisi ya barabara inasema hii ni njia kuu, haiwekwi matuta."

"Na honi unataka zikome lini?"

"Wali akikubali tu."

"Basi mwanangu atalindwa na nini?"

Nikainuka kuaga. "Mama yako ni mama yangu," akasema. "Mwambie avumilie." Jioni ile mkewe alituletea sahani ya halwa.

Tulimhamishia mama chumba cha nyuma, kilichokuwa ghala la tende. Honi zilimfuata humo. Mwishowe ndugu yake wa baba mmoja, ambaye hakuwahi kutoka Oman, akasema tumpeleke kwake Sinaw, nyumba iliyo mbali na barabara, mchanga unapoanza.

"Huko nitaongea na nani?" mama akauliza.

"Utalala, mama."

Alizaliwa Tabora. Kiarabu chake kilikuwa cha sala na salamu, na hicho kidogo kiharusi kilikipunguza. Wanawake wa nyumba ile walimtunza vizuri, siwezi kusema vingine. Mwanzo aliwazungumzisha kwa Kiswahili. Walitabasamu tu, wakamwekea mto, wakamletea uji. Baadaye akaacha. Presha ilishuka, daktari akafurahi.

Nilikwenda kila Ijumaa baada ya sala. Nilimletea habari za mtaani: nani ameoa, nani amepata kazi Maskati, lori gani limeharibikia kivukoni. Alinisikiliza akitazama ukuta. Siku moja nikamuuliza kama analala vizuri.

"Nalala," akasema. "Kuna kazi gani nyingine hapa?"